Kijana wa Majita katika Mji wa Jangwani

Ukisimama kituoni Kibamba asubuhi ukingoja gari la Kibaha, hukai sana kabla halijapita basi la wanafunzi lililoandikwa ubavuni: Filbert Bayi. Siku moja nilimwuliza kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegesha karibu yangu kama anamjua mwenye jina hilo.

"Si shule ile ya Kibaha, mzee?"

Nikamwambia kabla ya kuwa shule lilikuwa jina la mtu, na mtu huyo alipata kuwa na mbio kuliko binadamu wote duniani katika mita 1,500. Akanitazama kama anavyomtazama abiria anayetaka kupunguziwa nauli. Nikamwuliza, na Suleiman Nyambui je? Huyo, akasema, hajamsikia kabisa, akawasha pikipiki akamfuata mama mmoja aliyeshuka na mfuko wa vitunguu.

Simlaumu. Bayi amebaki ubavuni mwa basi. Nyambui hata basi hana. Na habari ya Nyambui ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu yeye alipata maisha ambayo Watanzania wachache sana wameyapata: maisha ya nyota wa michezo wa chuo kikuu cha Marekani, yule ambaye mji mzima unamdai ushindi kila Jumamosi.

Kwanza tuielewe desturi yenyewe, maana kwetu haipo. Sisi timu zetu ni za mitaa, za majeshi, za bandari, za wafanyabiashara. Yanga na Simba hazikuzaliwa darasani. Marekani, hasa katika miji iliyo mbali na majiji makubwa, timu ya mji ni ya chuo. Mpira wao ule wa kubeba kwa mikono una mchezaji mmoja wanayemwita kwotabeki: kila mchezo ukianza upya mpira humfikia yeye, naye ndiye anayeamua aurushe kwa nani au akimbie nao mwenyewe. Katika mji mdogo kijana huyo wa miaka 20 hujulikana kuliko meya. Picha yake hukaa kwenye dirisha la kinyozi. Enzi za Nyambui hakulipwa mshahara, alisomeshwa tu. Baada ya miaka minne wengi wao hawaendi kwenye ligi za kulipwa. Hurudi mjini wakauza magari au bima, na wateja wakazidi kuwauliza habari za mechi ile ya mwaka ule.

El Paso, alikokwenda Nyambui kusoma, si mji mdogo kwa idadi ya watu. Uko ncha ya magharibi ya Texas, jangwani, chini ya milima mikavu ya Franklin, na ukivuka mto Rio Grande umeingia Ciudad Juárez, Mexico. Lakini kwa michezo ulikuwa na roho ya mji mdogo: hapakuwa na timu ya ligi kubwa ya kulipwa, palikuwa na chuo tu. Chuo hicho kilianzishwa 1914 kama shule ya madini, ndiyo maana timu zake mpaka leo zinaitwa Wachimba Madini. Majengo yake yana mapaa mapana ya mteremko kama ya Bhutan, nchi ya milima ya Himalaya, kwa sababu mke wa mkuu wa kwanza wa chuo aliona picha za Bhutan kwenye jarida akazipenda. Hebu fikiria mtu anayetoka Mara kwenda Texas akidhani atakuta Marekani ya sinema, akashushiwa begi mbele ya kitu mithili ya nyumba ya watawa wa Asia katikati ya mchanga.

Chuo hicho kilikuwa na historia yake na wanamichezo weusi, tamu na chungu. Machi 1966 timu yake ya kikapu, chini ya kocha Don Haskins, ilianza fainali ya taifa na wachezaji watano, wote weusi, ikaifunga Kentucky iliyokuwa na wazungu watupu, 72 kwa 65. Miaka miwili baadaye mrukaji Bob Beamon na wenzake walikataa kushindana na chuo kimoja cha Wamormoni kwa sababu ya mafundisho ya dini hiyo kuhusu watu weusi, na chuo kikawafukuza kwenye timu. Mwaka huohuo Beamon akaenda Mexico City akaruka mita 8.90, na dunia ikashika kichwa. Kwa hiyo watu wa El Paso walikuwa wamezoea kushangilia watu weusi. Kuwasikiliza ni jambo jingine.

Mpira wa kubeba, ule wa kwotabeki, haukuwaendea vizuri. Miaka ya 1970 timu yao ilikuwa inafungwa msimu baada ya msimu. Mji uliojaa kiu ya ushindi ukautafuta kwenye riadha, na kocha wa riadha, Ted Banks, akautafuta Afrika.

Kwa nini Afrika? Hesabu ni rahisi, na mtu akishaielewa haoni tena huruma yoyote katika jambo hili. Mashindano ya vyuo huamuliwa kwa pointi. Wakati ule mshindi wa kila mchezo alikipa chuo chake pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6, kushuka mpaka wa sita pointi moja. Mtu mmoja mwenye pumzi akishinda mita 5,000 na 10,000 ameleta pointi 20 peke yake, na huenda chuo kizima cha wenzake hakifikishi hizo. Katika mbio za nyika hesabu inageuka: zinajumlishwa nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Jumla ndogo kuliko zote ni 15, yaani wa kwanza hadi wa tano wote wako. Mwaka 1981 El Paso walipata 17. Kikosi chao kilikuwa cha Waafrika: Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini mbele, nyuma yake vijana wa Afrika Mashariki, na Watanzania miongoni mwao.

Suleiman Nyambui alizaliwa 1953 Majita, upande wa Musoma, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hili peke yake lilimtofautisha. Wakimbiaji wetu wa masafa tumezoea watoke nyanda za juu: John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 goti limefungwa bendeji watu wamekwisha kuanza kuondoka uwanjani, Bayi wa Karatu, Gidamis Shahanga wa upande wa Hanang. Wajita ni watu wa mtumbwi na shamba la mihogo. Alipofika El Paso mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na miaka kama 25, umri ambao mwanafunzi wa Kimarekani amekwisha kuhitimu na kuoa. Makocha wa vyuo vingine walinung'unika sana juu ya jambo hili. Walisema El Paso inawaleta watu wazima kushindana na watoto. Hawakukosea sana kwa umri. Lakini mtu mzima huyo alikuwa na mitihani kama hao watoto, kwa lugha ya tatu, na anayefeli darasani haruhusiwi kukimbia.

Mwaka wa mwanafunzi mkimbiaji ulikuwa na misimu mitatu isiyompa nafasi ya kupumua: vuli mbio za nyika, baridi kali ikija wanaingia ukumbini, kiangazi kikikaribia wanatoka nje kiwanjani. Nyambui alishinda katika yote mitatu. Mwaka 1979 alitwaa ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani wa mita 10,000. Akautwaa tena 1980, na 1981, na 1982. Minne mfululizo. Mbio za nyika akawa bingwa 1980. Nikiorodhesha za ukumbini tutakesha.

Hapo ndipo siasa ilipoingia, na bila siasa habari hii isingekuwa na uzito wowote kwetu.

Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imetembelea Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ikakataa kuifungia New Zealand, na nchi nyingi za Afrika zikasusa. Aliyeumia kuliko wote ni Bayi. Februari 1974, huko Christchurch, alikuwa ameanza mita 1,500 kwa kasi kana kwamba ni za mita 800, akaongoza kutoka mlio wa bastola mpaka utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado akashindwa. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Dunia nzima ilikuwa ikingoja Bayi na Walker wakutane Montreal. Walker akakimbia bila Bayi, akachukua dhahabu.

Ikaja 1980. Wasovyeti walikuwa wameingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter akataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Kuwashawishi Waafrika akamtuma Muhammad Ali. Februari, ndege ya serikali ya Marekani ikatua Dar es Salaam na bondia maarufu kuliko wote ndani yake. Watu walimpenda Ali, hilo halina ubishi; walijaa kumwona. Ila Mwalimu Nyerere hakumpokea. Kiongozi wa nchi hutumiwa balozi, hatumiwi bondia. Na waandishi wa habari wa Dar wakambana kwa swali alilokuwa hajaandaliwa: Afrika iliposusa mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali, kwa uungwana wake, akakiri kwamba hayo hakuambiwa. Akaondoka kwenda Nairobi, ambako Rais Moi alimpokea na Kenya ikasusa.

Ninaporudi kwenye tukio hili huwa nawafikiria wanafunzi wawili. Mmoja ni Henry Rono, Mkenya wa Washington State, chuo kilichoko Pullman, mji mdogo kwelikweli katikati ya mashamba ya ngano. Mwaka 1978, kati ya Aprili na Juni, ndani ya siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, 5,000, 10,000, na 3,000 za kuruka viunzi na maji. Sijui mwanafunzi mwingine yeyote, wa mchezo wowote, aliyewahi kuwa na majira kama yale. Kenya haikwenda 1976. Kenya haikwenda 1980. Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Pombe ikamla miaka mingi, akaja kujinasua baadaye. Alifariki Nairobi Februari 2024.

Wa pili ni Nyambui. Wenzake wa Kimarekani waliokuwa wakifanya naye mazoezi walizuiwa na rais wao kwenda Moscow. Chuo cha Texas kilichomlisha na kumfundisha kiko katika nchi iliyosusa. Lakini yeye hakuwa Mmarekani. Alikuwa Mtanzania, na Mwalimu alikuwa amekataa kuambiwa la kufanya. Ndivyo mwanafunzi wa Marekani alivyokimbia Moscow katika mwaka ambao Marekani ilibaki nyumbani.

Tarehe 31 Julai 1980 alitangulia Bayi. Hakuwa tena yule wa Christchurch, na alikuwa amehamia mbio za viunzi na maji. Tabia hakuibadilisha: akachukua uongozi, akawaacha wote nyuma, watu wakaanza kuhesabu ni mita ngapi. Mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita, akamaliza kwa 8:09.70. Bayi 8:12.48. Fedha.

Kesho yake, Agosti 1, zikaja mita 5,000. Mtu wa kuogopwa alikuwa Miruts Yifter wa Ethiopia, kipara, mdogo wa umbo, asiyependa kuulizwa umri, tayari ana dhahabu ya mita 10,000. Silaha yake ilikuwa kuchomoka kwa ghafla mwishoni, na kila mtu uwanjani aliijua, na hakuna aliyekuwa na dawa yake. Waethiopia walikimbia kama kundi, mara wanaharakisha, mara wanapoza, ili kuwakata wengine pumzi. Nyambui alikaa palepale. Nimeitazama picha ya mbio zile mara nyingi. Sura yake haisemi lolote; mabega yametulia, macho yako mgongoni mwa aliye mbele. Kengele ikalia. Eamonn Coghlan wa Ireland akajaribu bahati yake. Kisha Yifter akapata mwanya, akachomoka, na waliobaki wakawa wanagombea nafasi ya pili. Nyambui akamfuata. Coghlan akaachwa mpaka wa nne, Kaarlo Maaninka wa Finland akija kwa kasi akabaki na shaba. Yifter 13:20.91, Nyambui 13:21.60. Wamepishana kwa muda ambao mtu hamalizi kusema "karibu".

Akarudi El Paso kuendelea na masomo.

Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko medali. Septemba ile kulikuwa na madarasa na vitabu, na msimu wa mbio za nyika ambao aliushinda. Februari 6, 1981 akaingia Madison Square Garden, New York, kwenye mashindano ya Millrose. Njia ya ukumbini pale ilikuwa ya mbao, fupi, mizunguko 11 kwa maili moja, kona zimeinuliwa kama ukingo wa karai. Kwa mita 5,000 unazunguka mara 34 na ushee, na kila viatu vinapogonga ubao ukumbi mzima unanguruma kama mtu anayekimbia juu ya dari ya nyumba yako. Kwenye mbao hizo alikuwepo Alberto Salazar, ambaye miezi michache nyuma alikuwa ameshinda marathoni ya jiji hilohilo. Salazar alikimbia vizuri kuliko Mmarekani yeyote kabla yake katika mbio hizo za ukumbini, 13:22.6. Nyambui akamaliza kwa 13:20.4, muda bora kuliko wote duniani chini ya paa wakati huo.

Hakuwa peke yake wakati ule. El Paso ilikuwa karibu kijiji cha Watanzania. Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton 1978, alikuwa huko. Zakaria Barie alikuwa huko. Mwaka 1982 mjini Brisbane, Jumuiya ya Madola tena, mita 10,000 zikaisha hivi: Shahanga wa kwanza, Barie wa pili, tofauti isiyofika nusu sekunde. Wengine walipita njia ya jeshi bila chuo cha ng'ambo, kama Juma Ikangaa, mshindi wa New York 1989. Kwa hiyo sisemi Texas ilituumbia wakimbiaji. Miguu waliondoka nayo nyumbani, na majina pia. Texas iliwapa kitanda, chakula cha uhakika mara tatu kwa siku, daktari, kocha mwenye saa mkononi, na upinzani mkali kila wiki. Tukumbuke nyumbani palikuwaje: nchi imetoka vitani Kagera, fedha za kigeni hazipo, watu wanapanga foleni ya sabuni. Nani angemnunulia mkimbiaji viatu vya misumari?

Na chuo kilipata malipo yake. Kati ya 1978 na 1982 El Paso ilikuwa bingwa wa riadha ya kiwanjani wa vyuo vyote vya Marekani kila mwaka, mara tano mfululizo. Vikombe hivyo viko kwao, na sidhani kama wanafunzi wa sasa wanaopita chini ya mapaa yale ya Bhutan wanajua Majita iko wapi. Biashara ilikuwa ya haki kadiri biashara za namna hiyo zinavyoweza kuwa: walichukua mbio za vijana wetu, wakawapa elimu.

Baada ya chuo Nyambui aligeukia marathoni. Alishinda Berlin 1987 na akarudia 1988. Berlin ile ilikuwa ya Magharibi, ukuta bado umesimama, na wakimbiaji walizunguka nusu ya jiji tu. Mwaka huohuo wa 1988 alishinda Stockholm. Kisha maisha ya benchi: alifundisha riadha Brunei, na nyumbani alipata kuwa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania, kiti ambacho kina lawama nyingi kuliko fedha. Ikienda timu mashindanoni ikarudi mikono mitupu, magazeti yalimwandama yeye. Wakati mwingine walikuwa na haki. Ila waliokuwa wakiandika sijui wangapi walijua kwamba mtu wanayemwuliza "medali ziko wapi?" ni mmoja wa wawili tu nchini wenye jibu la swali hilo kabatini.

Bayi naye akajenga shule, ya Kimara na ya Mkuza, Kibaha, na Kibamba ikawa katikati, ndiyo sababu basi lile linapita mbele yetu. Naona ameelewa kitu ambacho serikali zetu zilichelewa kukielewa, kwamba mkimbiaji huanzia shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulifika mahali pa kusimamisha michezo ya shule za msingi na sekondari, kwa hoja kwamba inaharibu masomo. Ikarudishwa baadaye, lakini vijana walioangukia katika pengo lile hawarudishwi. Hoja yenyewe ilikuwa ya ajabu kwa nchi ambayo mkimbiaji wake bora wa masafa alisomeshwa kwa sababu ya mbio.

Mwaka 2025 tulishangilia tena. Septemba, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa 2:09:48, bega kwa bega na Amanal Petros wa Ujerumani, wote wana muda uleule, mpaka picha ya mstari wa mwisho ikaamua. Tukapata bingwa wa dunia wa kwanza wa riadha. Siku ile hata pale kituoni Kibamba bodaboda walikuwa na simu mkononi, wanairudia rudia ile hatua ya mwisho.

Hiyo ni dunia. Olimpiki ni hesabu nyingine: Tanzania ina medali mbili, zote za fedha, zilizopatikana Moscow kwa siku mbili zilizofuatana, ya Bayi na ya Nyambui. Hazijaongezeka tangu Agosti 1, 1980.